Kadi Iliyobaki

Ngamiani barabara zetu zina nambari,
kwa hiyo sikushangaa waliponiita Barabara ya Kumi na Mbili,
chumba cha juu ya duka la magodoro,
nikawakuta wasomi wawili wakigombea nambari.

"Tabia za mtu ni tano," alisema Profesa Semkiwa,
akizifungua vidoleni kama anayelipa deni:
uwazi wa fikra, bidii, uchangamfu, upole, wasiwasi.
"Zimepimwa, zikapimwa tena. Kiganja kimetosha."

Dakta Mwantumu hakuinua macho kwenye kompyuta.
"Na mwizi mpole, Profesa, utamweka kidole gani?
Mchangamfu, ana bidii, anasalimia hadi paka wako,
jioni kisanduku cha kikundi kitupu.
Kuna kidole cha sita: unyofu.
Kidole kisichohesabiwa ndicho kinachoiba."

Mimi nilikuwa mwandishi wa kadi tu.
Maneno mia tatu na nane niliyaokota mwenyewe
soko la Mgandini, foleni ya Bombo, misiba ya Makorora
(ndani ya msiba mtu husemwa vizuri,
nje ya uzio husemwa kweli):
mkunjufu, mchoyo, mdaku, msiri,
mwenye gubu, mwenye makuu, mwenye kisirani.
Kila neno kadi, kila kadi nambari.

Kisha nikabisha hodi na dodoso.
Fundi Mbelwa wa saa, kioo bado jichoni.
"Wewe ni mtu wa maneno mengi? Moja hadi tano."
"Mbele ya nani?"
Dodoso halikuwa na nafasi ya mbele ya nani.
"Kwa mkwe wangu niandikie moja.
Hapa mezani, nne.
Coastal ikifungwa, futa zote."
Nikaandika tatu. Mungu anisamehe,
nusu ya Tanga nimeilaza kwenye tatu.

Kompyuta ikatafuna siku mbili,
umeme ukakatika, ikaanza upya,
ikatema tano.
Dakta akazungusha mhimili, nyuzi chache tu,
kama anayenyoosha picha ukutani,
ikatema sita.
Profesa akaurudisha.
"Unaona unachotaka!"
"Nawe umekariri unachoona!"
Chai ikapoa.
Mtetezi wa kidole cha upole akapiga meza;
mtetezi wa unyofu na unyenyekevu
akazitaja shahada zake, moja moja, na miaka.

Ikabaki kadi mia moja na tisa: haya.
Haikukubali safu.
Kipande kilikwenda kwa upole, kipande kwa wasiwasi,
kipande kikang'ang'ania unyofu,
kingine kikavuta uchangamfu kwa nyuma,
kama mtoto anayekula nyumba zote mtaani
na hakuna anayejua analala wapi.

Nikasema, kwa sauti ya chini, labda huku kwetu
haya si tawi, ni shina.
Mama alipotaka kummaliza mtu
hakumwita mwizi, hakumwita mkali.
Alisema, "Yule hana haya,"
akafunga dirisha.

Wakanitazama pamoja,
mara ya kwanza wiki ile kukubaliana.
"Linachafua jedwali," akasema Profesa.
"Liondoe," akasema Dakta.

Haya, nikasema.

Mwezi wa nane makala zilitoka mbili,
ya tano na ya sita,
kila moja na ramani ya mji, na shukrani kwangu,
jina limekosewa herufi.
Nimezisoma zote, hadi maandishi madogo ya chini.
Watu wa Tanga wamo humo:
wachangamfu, wenye bidii,
wasiwasi wao wa kadiri,
hawana haya.